Katani Kwenye Tundu la Pumzi

Mnaniita Mzee Pumzi, nami huitika. Nikipita mbele ya gereji zenu hapa Mabawa mnatoa vichwa kwenye boneti, mnanipa shikamoo yenye grisi, na wakarimu zaidi hunisogezea kiti nikae niwatazame mnavyoharibu. Nashukuru. Mtu wa umri wangu, mwenye magoti yanayolia kuliko bawaba za mlango, hachagui heshima, hupokea iliyopo.

Mwezi uliopita mmoja wenu alikuja kuniuliza. Kaletewa gari la zamani la kabureta, na mwenyewe anataka lifungwe mashine ya kusukuma hewa ndani ya injini ili likimbie. "Babu," akasema, "presha ya petroli niiweke ngapi?" Nikamwambia hakuna ngapi. Akacheka kwa adabu, akaenda kuiuliza simu yake. Kusema kweli nilimjibu nusu tu, kwa kuwa yeye alikuwa na haraka na mimi nilikuwa na aibu. Nusu iliyobaki naiandika hapa. Mtakuta namna ya kuipima hiyo presha, na mtakuta pia jina la Pumzi nililipataje, ingawa hilo la pili hamkuliuliza.

Miaka ya hamsini nilikuwa fundi katika gereji ya Bwana Alibhai, Tanga mjini, upande wa reli. Alikuwa na duka la jumla mbele na gereji nyuma, na fahari yake kubwa ilikuwa lori moja la injini ya petroli. Lori hilo lilipandisha unga, chumvi, mafuta ya taa na saruji kutoka Tanga kupitia Muheza hadi Amani, kwenye mashamba ya chai, kisha likarudi na mbao. Barabara ya Amani ni kona juu ya kona, mlima upande huu na shimo upande ule, na siku hizo ilikuwa ya udongo mwekundu ambao ukilowa kidogo huteleza kama bamia.

Dereva wake alikuwa Mbwana, mtu wa Pangani. Alinizidi miaka ishirini, kwa hiyo nilimwita ami, naye aliniita mwanangu hata siku aliyotaka kunipiga. Alikuwa ameipanda barabara ile miaka kumi na miwili bila kuangusha mfuko mmoja wa chumvi. Siri yake, alisema, ni mguu wa kulia. Alikanyaga mafuta kama fundi cherehani anavyokanyaga kibao chake, taratibu, bila kukata uzi. Aliuonea fahari mguu huo waziwazi. Akienda kununua viatu alijaribu cha kulia peke yake, cha kushoto akakichukua kwa imani.

Tatizo lilikuwa injini. Mzigo ulikuwa mkubwa kuliko nguvu zake, na kwenye kona za juu lori lilikata tamaa, watu wakashuka na kuweka kabari nyuma ya magurudumu. Ndipo meneja mmoja wa shamba la mkonge alipokuwa akirudi kwao Ulaya. Gari lake la starehe lilikuwa limegonga daraja, na Bwana Alibhai alilinunua kwa ajili ya matairi. Tulipofungua boneti tukakuta mashine yenye umbo la konokono, inazungushwa kwa mkanda wa injini. Kitabu cha gari kiliiita supachaja. Fundi Yohana, mkuu wetu wa gereji, aliizunguka mara mbili akasema, "Huu ni mvukuto wa mhunzi." Tangu siku hiyo ikawa mvukuto.

Fundi Yohana alikuwa Mshambaa wa pande za Lushoto, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, aliyejifunzia kazi kwenye karakana za jeshi wakati wa vita. Hakunywa na hakutukana, na alituudhi kwa yote mawili. Bwana Alibhai alimuuliza kama mvukuto unaweza kuhamia kwenye lori.

"Unaweza," akasema. "Lakini utaleta maswali."

"Maswali ni yenu," akasema Bwana Alibhai. "Mimi nataka Amani."

Swali lenyewe ni hili, na wewe uliyeiuliza simu yako sogea karibu. Kwenye kabureta ya kawaida pampu huisukuma petroli hadi kwenye bakuli. Ndani ya bakuli kuna boya, na boya lina sindano yake. Petroli ikipungua boya hushuka na sindano hufungua. Ikijaa boya hupanda na sindano huziba. Paundi tatu za presha zinatosha, nazo ni paundi za geji, si zile alizokuwa akizipenda Bwana Alibhai. Sasa funga mvukuto upulize hewa kwenye kabureta. Hewa hiyo inaingia mpaka ndani ya bakuli. Dereva akikanyaga mlimani, hewa ya humo inafika paundi tano. Petroli inakuja na paundi zake tatu, inabisha hodi, na kumbe ndani kuna mtu wa paundi tano ameegemea mlango. Haiingii. Injini inabaki na hewa tele na petroli kiduchu, inapata joto, inagonga, na mwisho inatoboa pistoni. Uzuri wake ni kwamba haya hayatokei kwenye tambarare, ambako mvukuto unapumua polepole. Yanatokea pale tu unapohitaji nguvu uliyoifungia mvukuto.

Bwana Alibhai alipoelezwa hayo alipata jibu papo hapo, kama wenye mali wanavyopata. "Si mkaze springi ya pampu? Ipeni petroli paundi tisa, yaishe."

Fundi Yohana akasema haifai. Mimi, niliyekuwa na miaka ishirini na sita na maoni mengi, nikasema inafaa. Bwana Alibhai akamchagua fundi aliyekubaliana naye. Nikakata washa, vile visahani vyembamba vya bati, kutoka kwenye mkebe wa samli, nikazipanga chini ya springi, geji ikasoma tisa, nikajiona mhandisi.

Tulifika Muheza na ami Mbwana akasimama kununua machungwa, injini ikinguruma palepale. Mvukuto ulikuwa umelala, lakini petroli yangu ilikuwa macho na paundi zake tisa. Ikaishinda sindano, ikajaza bakuli, ikafurika. Mama mmoja muuza machungwa aliinama akatazama chini ya lori, kisha akatuambia kwa upole, "Nyie, gari lenu lakojoa."

Ami Mbwana alikuwa akinyoosha mkono kuzima tone lilipofika kwenye bomba la moshi. Moto haukuwa mkubwa, lakini ulimlamba usoni. Aliyeuzima ni yule yule mama, kwa karai la mchanga, na baada ya hapo alitudai machungwa yaliyokanyagwa na waliokimbia, ambao wa kwanza wao nilikuwa mimi. Ami Mbwana alirudi Tanga na unyusi mmoja. Tulipopita Pongwe akanigeukia na ule upande wenye unyusi. "Mwanangu," akasema, "petroli yako ina haraka."

Hapo ndipo Fundi Yohana alipoombwa radhi, yaani Bwana Alibhai alimpelekea chai. Yohana akaivunja kazi yangu yote. Springi akairudisha kwenye paundi tatu. Kisha akatoboa tundu dogo kwenye kile chumba cha pampu inamokaa springi, nyuma ya ngozi inayosukuma petroli, akaleta bomba jembamba la shaba kutoka kwenye mdomo wa mvukuto hadi kwenye tundu hilo. Basi. Mvukuto ukipuliza paundi moja kwenye kabureta, unapuliza paundi hiyo hiyo nyuma ya ngozi ya pampu, ikaisaidia springi. Hewa ikiwa mbili, petroli ni tano. Hewa ikiwa tano, petroli ni nane. Mvukuto ukilala, petroli nayo inarudi kwenye tatu zake na hakuna anayekojoa. Ndiyo maana nilisema hakuna ngapi. Petroli ikae mbele ya hewa kwa paundi tatu wakati wote, hiyo ndiyo namba.

Tuliijaribu kwa geji mbili, moja ya hewa na moja ya petroli, zimefungwa kwa kamba ya katani mbele ya dereva. Nilikaa pembeni nikizisoma kwa sauti mpaka juu Amani. "Hewa mbili, petroli tano. Hewa nne, petroli saba." Lori lilipanda na shehena yote bila kabari hata moja. Ami Mbwana alizitazama zile sindano mbili zikiinuka pamoja, akatabasamu.

"Huyu imamu, huyu maamuma," akasema, akionyesha ya petroli kisha ya hewa. "Imamu asipitwe."

Fundi Yohana, Mlutheri wetu, aliichukua kauli hiyo na kuifundishia mafundi wote. Nendeni mkatafute maelezo mazuri kuliko hayo. Mimi sijayaona.

Bwana Alibhai alishangilia kwa namna yake. Alitusimamisha uani, akapigapiga boneti, akasema, "Sasa lori lina pumzi. Siku lisipopanda, tatizo si lori." Alicheka, nasi tukacheka, isipokuwa ami Mbwana. Yeye alikuwa ameelewa kwamba kazi yake yote sasa inaning'inia kwenye lile bomba la shaba.

Sasa niwaambie juu ya nyigu.

Tanga ina nyigu wanaojenga kwa udongo, mnawajua. Wakiona tundu wanadhani wamepewa kiwanja. Acha bomba wazi tangu asubuhi, alasiri limejaa nyumba, mayai na wapangaji. Kwa hiyo gereji yetu ilikuwa na sheria: injini ikifunguliwa, kila tundu lizibwe kwa katani. Katani ilikuwa bure, mji mzima ulikuwa ukinuka katani. Tulifutia mikono kwa katani, tulichujia mafuta kwa katani, na nina hakika mkewe Bwana Alibhai aliwahi kutuuzia mto wa katani. Sheria ilikuwa na sehemu ya pili, ya Fundi Yohana mwenyewe. Kila kizibo kifungwe uzi mwekundu unaoning'inia nje, ili kisisahaulike. Na vizibo vikitolewa vihesabiwe, virudi kwenye mkebe.

Masika yale barabara ya Amani ilifungwa, tukaifungua injini ya lori kuisafisha. Fundi Yohana aliitwa Lushoto, mama yake mgonjwa, akaniachia kazi. Nikaziba matundu tisa. Manane niliyatia uzi. Lile la tisa lilikuwa la bomba jembamba la shaba, na uzi ukilitoka ulionekana mchafu, kama kamasi. Mimi nilipenda kazi nadhifu. Nikasokota katani kidogo, nikaisukumia ndani kwa waya mpaka isionekane, nikarudi nyuma hatua mbili kuustahi unadhifu wangu.

Mvua zilipokatika niliirudisha injini. Niliondoa kila uzi mwekundu niliouona.

Bwana Alibhai alitaka kuonja mwenyewe. Tukamzungusha Ras Kazone, barabara bapa, upepo wa bahari, lori linakwenda kwa adabu zake zote. Akaridhika. Kesho yake ami Mbwana akapakia kwenda Amani, na jioni akarudi na shehena ile ile aliyoondoka nayo.

"Lakataa," akasema. "Nikikanyaga, laniacha. Nikiachia, larudi."

Sikilizeni sentensi hiyo. Mgonjwa ametaja ugonjwa wake kwa herufi. Ukikanyaga hewa inapanda na petroli haipandi nayo. Ukiachia hewa inashuka na petroli inapata nafasi. Fundi yeyote anayestahili kikombe chake cha chai angekwenda moja kwa moja kwenye bomba la shaba. Mimi nilimwambia, "Labda unakanyaga haraka, ami."

Sikuwa na ubaya. Nilikuwa na uhakika, na huo ni mbaya zaidi. Bwana Alibhai naye akasikia, "Nikikanyaga, laniacha," akaelewa kile kile nilichoelewa mimi, kwamba mtu amekiri. Akampa safari moja zaidi. Safari hiyo ami Mbwana alipanda kwa mguu wake wote na maarifa yake yote, na juu ya kona ya nne pistoni ikatoboka. Lori lilivutwa mpaka Tanga kwa kamba. Alikaa ndani yake njia nzima akishika usukani wa gari lisilokwenda, watu wa Muheza wakimtazama.

Ilikuwa Jumatatu. Asubuhi ya Jumanne ikaja barua ya Fundi Yohana: mama yake amefariki, yeye anabaki Lushoto kulima, atakuja baadaye kuchukua sanduku lake. Bwana Alibhai aliisoma kwa sauti, akatikisa kichwa kwa huruma, akaikunja. Kisha akaniambia kwamba Ijumaa atamtangaza mkuu mpya wa gereji, na akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika.

Mchana huo wenzangu walikuwa wamekwenda kuswali na kula. Nilikuwa nimeshaweka pistoni mpya, na kwa mazoea nikachukua lile bomba la shaba nikalipuliza kwa mdomo. Pumzi haikupita. Nikapuliza tena, mashavu yakauma. Nikatia waya, nikachokoa, na katani yangu ikatoka upande wa pili, imeloa mafuta, haina uzi.

Siwezi kuwaambia nilisikia nini. Nikaitia katani mfukoni, nikafunga bomba, na wenzangu waliporudi walinikuta nikipiga mluzi. Nilijiambia nitamwona Bwana Alibhai jioni. Jioni alikuwa na wageni. Nikajiambia basi, lori limepona, kesho ami Mbwana atapanda nalo, atafurahi, mambo yatasahaulika na hakuna aliyeumia. Hesabu hiyo ilikuwa nzuri sana. Ilinitunza mimi na yeye kwa pamoja, na ilinitunza mimi kwanza.

Ila Jumatano Bwana Alibhai alimpa lori dereva mwingine, mtu wa Korogwe wa kuazima, ili ajue kama tatizo ni lori au ni mguu. Lori likapanda Amani kama linakwenda sokoni.

Alhamisi asubuhi tuliitwa uani. Bwana Alibhai hakuwa mkali. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mkali.

"Mbwana, ndugu yangu," akasema, "lori ni lile lile, mlima ni ule ule. Amepanda mtu ambaye hata kona hazijui. Mguu umechoka. Si kosa, ni umri."

Ami Mbwana alinigeukia mimi. Unyusi wake ulikuwa umeshaota tena, mfupi, wenye mvi ambazo ule wa zamani haukuwa nazo. "Bakari, mwanangu," akasema, "ulikuta kitu humo ndani?"

Katani ilikuwa bado mfukoni. Nilikuwa naigusa kwa vidole.

"Pistoni tu, ami," nikasema. "Nikakaza kaza."

Alitikisa kichwa polepole. Kisha akautazama mguu wake wa kulia, akausogeza mbele kidogo kwenye vumbi, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Kumbe ni mimi," akasema. Akatoa ufunguo wa lori mfukoni, akaufuta kwa kanzu, akampa Bwana Alibhai kwa mikono miwili.

Ijumaa nikawa mkuu wa gereji. Bwana Alibhai alinishika bega mbele ya watu akasema, "Huyu ndiye bwana wa pumzi. Lori lilikufa, yeye kalipulizia." Watu wakapiga makofi. Jina likaanza kama Bwana Pumzi, na umri ulipofika likapanda cheo, likawa Mzee Pumzi. Kwa hiyo mnaponipa shikamoo yenye grisi na jina hilo, mnaniheshimu kwa tundu nililoliziba mwenyewe.

Fundi Yohana alikuja kuchukua sanduku lake baada ya mwezi. Nilimpa pole ya mama. Alikagua gereji, akasifu mpangilio, akafika kwenye mkebe wa vizibo.

"Vilihesabiwa?" akauliza.

"Vyote tisa," nikasema, na safari hiyo ilikuwa kweli, maana sikuwa na moyo wa kukitupa kile.

Akavimimina kwenye kiganja. Vinane vina uzi, kimoja hakina. Alikitazama, akakinusa, akavirudisha vyote. Alinipa mkono wa kwaheri, na alikuwa amesema zamani kwamba akiondoka ataniachia spana zake ndogo za Kiingereza. Aliondoka nazo.

Ami Mbwana hakuendesha tena. Si kwamba alikosa pa kuajiriwa. Mabasi ya Pangani yalimtaka, na niliwahi kumtumia salamu kwamba kuna tajiri Muheza anatafuta dereva. Alijibu kwamba mguu umekufa. Alikuwa ameamini. Hilo ndilo nililokosa kulipigia hesabu Jumanne ile. Nilidhani nachezea kazi yake, kumbe nilikuwa nimeutia mkono ndani ya mtu mwenyewe na kukata kitu. Alirudi kwao akapata kazi kwenye pantoni ya kuvusha magari mtoni. Alipanga magari ya watu wengine, aliweka kabari chini ya magurudumu, alifunga na kufungua mnyororo.

Nilijua yuko pale. Kwa hiyo kila nilipokuwa na gari la kujaribu niliona barabara ya Pangani haifai kwa majaribio.

Uhuru ulikuwa umeshapita miaka mitatu minne nilipokosa kisingizio. Tajiri mmoja alitaka gari lake lipelekwe ng'ambo, Bweni, na hakuna mwingine wa kulipeleka. Tangu Tongoni nilikuwa nayapanga maneno. Niliyapanga vizuri, mnajua napenda kazi nadhifu.

Alinitambua kabla sijazima injini. Alikuwa amekonda, kofia ya kiua kichwani, suruali imekunjwa magotini.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Sogea mbele kidogo. Hapo. Tia breki."

Pantoni ilipoachana na ukingo nilishuka nikasimama karibu naye, nikamweleza. Nilieleza vizuri. Nilianza na nyigu, nikaja kwenye katani, nikaja kwenye uzi mwekundu na ulimbukeni wangu wa usafi. Nikamweleza namna tundu moja la kupitisha sindano ya cherehani lilivyoweza kuinyima petroli nguvu mlima mzima, na namna maneno yake yalivyokuwa sahihi kabisa, "nikikanyaga, laniacha," na mimi nilivyokuwa mpumbavu wa kutoyasikia. Nikamwambia mguu wake haukuwa na ila. Nilijilaumu mpaka nikaanza kuona raha. Mwisho nikasema, "Lilikuwa kosa, ami. Kosa la kazi."

Alinisikiliza macho yakiwa kwenye mnyororo. Niliona uso wake ukifunguka. Aliinua mguu wa kulia, akaukanyaga kwenye mbao za pantoni, taratibu, mara mbili, kama anatafuta kibao cha cherehani. Alikuwa mzee anayetabasamu, na mimi nilikuwa mtu mwepesi kuliko nilivyowahi kuwa.

"Imamu alipitwa," akasema.

"Alipitwa, ami."

"Kosa la kazi, lasameheka. Hata mimi niliwahi kusahau kabari." Akauangalia tena mnyororo. "Uliitoa lini, hiyo katani?"

Angeniuliza nilivyoitoa ningekuwa na maelezo ya kutosha mpaka Bweni. Aliniuliza lini.

"Jumanne," nikasema.

Akahesabu kwa kidole gumba juu ya vidole vingine, bila haraka, kama mtu anayetafuta siku ya mwandamo. Jumanne. Jumatano. Alhamisi. Gumba likasimama hapo.

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilichelewa kujua. Kisha akainama akatoa kabari chini ya gurudumu langu, maana ukingo ulikuwa umekaribia, akaenda kufungua mnyororo.

"Pita, Fundi," akasema. "Wazuia wenzako."

Hakuniita mwanangu. Niliporudi jioni ya siku hiyo kulikuwa na mtu mwingine kwenye mnyororo, na mara zote nilizovuka baadaye ami Mbwana alikuwa upande wa pili wa magari, ana kazi.

Basi, wewe uliyeniuliza presha niiweke ngapi, jibu lako kamili ni hili. Springi iache kwenye paundi tatu. Leta bomba jembamba kutoka kwenye mvukuto hadi nyuma ya ngozi ya pampu. Funga geji mbili, panda nazo mlima wenye mzigo, usizijaribu Ras Kazone. Petroli ikae mbele kwa tatu mpaka juu. Bomba lipulize kwa mdomo kabla ya kulifunga, na ukikuta limeziba, kabla ya kunawa mikono, mwambie dereva siku hiyo hiyo.